Ukuta wa Udongo Hauna Dawa ya Siri

Kila baada ya muda huibuka habari ile ile kwa sura mpya: wanasayansi wamegundua "siri" ya mafundi wa kale. Leo ni mchele, kesho ni maziwa, keshokutwa ni ute wa mpungate au kinyesi cha ng'ombe. Mwishoni huja ahadi kwamba siri hiyo, sasa ikiwa imefichuka, itaupunguzia ujenzi mzigo wake wa hewa ukaa. Ahadi hiyo naitilia shaka. Mafundi hao nawaheshimu sana, na ndiyo maana sioni kama walikuwa na siri ya kufichua. Walikuwa na kitu kigumu zaidi kuiga: walijua udongo wa mahali pao, walijua shamba limeacha nini baada ya mavuno, na walijua watarudi kwenye ukuta huo huo mwaka ujao.

Tuanze na kilichomo ndani ya ndoo. Udongo wa kukandikia ni mchanganyiko wa mchanga, vumbi laini na mfinyanzi, na kati ya hivyo mfinyanzi ndio gundi. Chembe zake ni vibamba bapa, vingi vikiwa na upana usiofika milimita 0.002. Maji yakiingia katikati, vibamba huteleza na tope hulainika mkononi. Maji yakitoka, vibamba hukaribiana na kushikana. Hakuna kilichochomwa na hakuna kilichogeuka kuwa kitu kingine. Kwa hiyo ukuta uliokauka ukirudishiwa maji ya kutosha hurudi kuwa tope. Humo ndimo ulimo udhaifu wote wa lipu ya udongo, na humo pia ndimo inamotoka sifa yake kubwa, ambayo nitaifikia.

Viongezi vya asili huingia hapo, na kosa la kwanza la waandishi wa habari za "siri" ni kuvichanganya vyote kana kwamba vinafanya kazi moja. Nyuzi, kwa mfano, hazina kemia ya ajabu. Mfinyanzi husinyaa unapokauka, na kusinyaa huko huleta nyufa. Mabua yaliyokatwakatwa, makapi ya mpunga, manyoya ya mbuzi au nyuzi za mimea huusambaza mvutano huo, hivyo mahali pa ufa mmoja mpana panabaki nyufa ndogo ndogo zisizo na madhara. Katika mapango ya Mogao karibu na Dunhuang, China, ambako uchongaji ulianza karne ya 4, michoro imekaa juu ya matabaka ya udongo: la chini zito lenye mabua, la juu laini lenye nyuzi nyembamba zaidi. Huko Ellora, India, uchunguzi uliochapishwa 2016 ulikuta nyuzi za mmea wa bangi ndani ya lipu ya udongo ya mahekalu yaliyochongwa mwambani. Waliotarajia kisa cha watawa waliolewa samahani. Ule mmea una nyuzi imara, na watafiti hao walidhani pia kwamba uliwafukuza wadudu, kwa sababu kwenye mapango mengine ya India, ya Ajanta, ambako hawakuukuta, wadudu wameila sana lipu.

Kundi la pili ni la vitu vya kunata: wanga, ute wa mimea, gundi za miti. Hizi ni molekuli ndefu zinazojifunga kwenye vibamba vya mfinyanzi na kuvishikanisha kimoja na kingine. Protini za maziwa na damu hufanya hivyo pia, zikiwa na ziada moja: zina upande unaopenda maji na upande unaoyakataa. Ule unaoyapenda hushika mfinyanzi, mwingine hubaki nje na kulifanya tone la mvua lisizame upesi. Mafuta yana njia yake: hupaka kuta za vitundu vidogo ndani ya lipu, na mengine, kama ya kitani, hukauka kwa kuungana na oksijeni hadi yakawa utando mgumu. Ukizidisha mafuta, unaziba vitundu kabisa, na hapo umeleta tatizo jingine.

Kundi la tanini, yaani kemikali chungu za mimea, ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyofikiri. Katika ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, maganda ya matunda ya mti wa nere huchemshwa hadi maji yawe mekundu meusi, kisha maji hayo hupakwa ukutani au huchanganywa ndani ya tope. Mtu angetegemea kwamba kitu cha kuimarisha udongo kinafanya kazi ya kuunganisha. Tanini kwanza hutawanya: huvitenganisha vibamba vilivyogandana ovyo, tope likawa jepesi bila kuongezwa maji. Maji yakipungua, kusinyaa kunapungua, na vibamba vinapokauka hupangika vizuri zaidi na kubanana. Zaidi ya hapo, tanini hushikana na chuma, na udongo mwekundu wa savana umejaa chuma. Yaani dawa ile inafaa pale kwa sababu ya udongo wa pale. Ichukue uipeleke kwenye mfinyanzi mweupe usio na chuma na utapata nusu ya kazi, nayo nusu hiyo huenda usiione.

Kinyesi cha ng'ombe kina kidogo cha kila kundi. Kina nyuzi zilizokwisha kutafunwa na kusagwa kwa kipimo ambacho hakuna mashine ya kijijini ingekifikia, kina ute, kina vijidudu na mabaki ya mmeng'enyo. Watafiti wa Burkina Faso waliokichunguza pamoja na udongo wenye kaolini, aina ya mfinyanzi, wameripoti kwamba sehemu zake huungana na madini ya udongo na kutoa kitu kisichoyeyuka majini. Nchini Sudan lipu ya udongo na samadi ina jina lake, zibala, nayo ndiyo hupakwa kwenye kuta na mapaa kabla ya mvua.

Sasa mchanganyiko wenyewe, maana karibu kila mara fundi wa udongo hachanganyi asubuhi na kupaka mchana. Huko Djenné, Mali, udongo wa mto huwekwa shimoni pamoja na makapi ya mpunga, hutiwa maji, hukanyagwa, kisha huachwa uoze. Siku zinavyokwenda, juu hutokea mapovu madogo na harufu hupanda, ile ya kinamasi. Ukichota chini ya uso, tope limegeuka kijivu cheusi, kwa kuwa vijidudu vimemaliza oksijeni na kuanza kukibadilisha chuma kilichomo. Ukilipaka na likapata hewa, rangi ya kahawia hurudi. Katikati ya rangi hizo mbili, makapi yamelainika na kuachia gundi zake, na tope linanyooka kati ya vidole bila kukatika upesi. Mafundi wa Kijapani hufanya jambo linalofanana kwa mabua ya mpunga: tope la tabaka la kwanza huachwa miezi mingi, mabua yanaoza, na mengine mapya huongezwa kabla ya kupaka. Mabua ya zamani yametoa gundi, mapya yanatoa nyuzi. Kitu kimoja kimetumika mara mbili kwa kazi mbili, na tofauti yake ni muda tu.

Muda huo ndio wa kwanza kukatwa tunapoingiza lipu ya udongo kwenye mkataba wa kisasa. Mkandarasi hawezi kumlipa mtu asubiri tope lioze. Basi hununuliwa kiongezi cha pakiti kilichosafishwa, na mara nyingi hufanya kazi vizuri. Sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba kwa kununua pakiti tumeurithi ujuzi wa kale.

Tazama orodha ya viongezi hivyo tena, mara hii kwa jicho la mkulima. Makapi ni ya baada ya kukoboa. Mabua ni ya baada ya kupura. Maganda ya nere ni ya baada ya kutoa mbegu na unga wake, vitu vinavyoliwa. Kinyesi ni kinyesi. Wengi wa mafundi wa kale walitumia kilichobaki, na walikitumia kwa wingi kwa sababu kilikuwa pale pale kwa wingi. Kiongezi kilikuwa mkia wa kilimo. Kilimo kikibadilika, mapishi ya ukuta hutikisika: mashine ya kuvuna ikiyasaga mabua yote shambani, nyuzi ndefu hazipo, ng'ombe wakihamia mabandani yaliyo mbali, samadi hupakiwa malori kwenda kwingine. Na samadi haikuwa bure hata zamani. Kilichokwenda ukutani hakikwenda shambani wala jikoni kuwa kuni.

Kwa hiyo ninaposoma pendekezo la kutengeneza lipu za "kijani" kwa protini ya maziwa, wanga wa chakula au mafuta ya kula kwa ajili ya majengo ya mji mzima, nauliza hesabu ya ardhi iko wapi. Kiasi kwa ndoo ni kidogo, kweli. Kwa mita za mraba milioni kadhaa si kidogo tena. Maabara zinazotafuta viongezi kwenye taka za viwanda vya chakula, kama maji ya jibini, maganda na magome yenye tanini, ziko karibu zaidi na mantiki ya kale kuliko zile zinazonakili jina la kiungo kutoka kwenye hekalu fulani.

Nitaje pia kwamba sehemu ya simulizi hizi ina ushahidi mwembamba. Kuhusu mayai, damu ya fahali na divai kwenye kuta za zamani kuna visa vingi, na si kila kisa kimethibitishwa maabara. Viungo vya asili huwekwa kidogo, huliwa na vijidudu, na mara nyingi warekebishaji wa karne za karibuni wamepaka gundi zao juu, hivyo kipimo kikikuta protini huwezi kusema moja kwa moja ni ya nani. Mahali penye ushahidi mzuri pia panafaa kusomwa kwa makini. Mchanganyiko maarufu wa mchele wa kunata nchini China, ambao watafiti waliueleza mwaka 2010 kwamba amilopektini yake, sehemu ya wanga, huongoza ukuaji wa fuwele za chokaa, ni wa chokaa, si wa udongo mtupu. Vivyo hivyo tadelakt, lipu ya chokaa ya Morocco: sabuni ya mafuta ya zeituni hukutana na chokaa na kuwa sabuni ngumu isiyoyeyuka, ndiyo maana hufaa hata bafuni. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe kwenye joto la nyuzi 900 hivi, na katika kuchomwa huko mawe yenyewe hutoa kaboni dioksaidi. Anayeziweka lipu hizi kapu moja na tope la Djenné anaficha tanuri.

Halafu kuna suala la kuta zilizosalia. Mogao iko jangwani. Ellora na Ajanta zimo ndani ya mwamba. Tunaposema lipu ya udongo yenye nyuzi imedumu miaka elfu na zaidi, tunasema habari za lipu isiyonyeshewa. Zile zilizonyeshewa zilidumu kwa njia nyingine: zilipakwa upya. Katika makazi ya kale ya Çatalhöyük, Uturuki, ya zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, wachimbuaji wamehesabu kwenye kuta nyingine mamia ya matabaka membamba yaliyopakwa moja juu ya jingine.

Hapo narudi kwenye ile sifa ya kurudi kuwa tope. Huko New Mexico, Marekani, lipo kanisa la San Francisco de Asís la Ranchos de Taos, lililojengwa kwa matofali mabichi na kukamilika mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa vizazi waumini walilipaka tope lenye mabua. Mwaka 1967 waliamua kuachana na kazi hiyo ya kila mara, wakalivika lipu ngumu ya saruji. Kwa macho ilikuwa hatua ya maendeleo: ukuta mgumu, safi, usiodai kitu. Lakini saruji haipanuki na kusinyaa sawa na udongo, hivyo ilipata nyufa nyembamba, maji yakaingia, na yakiisha kuingia hayakuwa na pa kutokea. Nyuma ya ganda zima, matofali yalilainika. Mwaka 1979 ganda likabanduliwa, na parokia ikarudi kwenye tope na mabua, ambayo hadi leo hupakwa na watu wenyewe kila kiangazi. Tope lingemomonyoka, naam, lakini lingemomonyoka mbele ya macho ya watu. Saruji ilificha ugonjwa mpaka ukawa mkubwa.

Kisa hiki kinanifundisha namna ya kupima kiongezi chochote. Kiongezi kizuri kinapunguza kasi ya maji kuingia bila kuzuia mvuke kutoka, na kinamwacha fundi aweze kulowesha pembe iliyoliwa, kuikwaruza na kuipaka tope jipya likashika la zamani. Maji ya nere, makapi, samadi na ute kwa kipimo cha wastani vinapita mtihani huo. Mafuta mengi yanaanza kushindwa. Saruji inashindwa wazi, na hapa tasnia ya ujenzi endelevu ina kashfa yake ndogo inayozungumzwa kwa sauti ya chini: sehemu kubwa ya kinachouzwa kama ujenzi wa udongo kimetiwa saruji, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Uzalishaji wa saruji hutoa karibu asilimia 8 ya kaboni dioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, na zaidi ya nusu ya hiyo hutoka kwenye jiwe lenyewe linapovunjika tanurini, hivyo kubadili kuni au makaa hakuiondoi. Mwaka 2018 watafiti Henri Van Damme na Hugo Houben walipiga hesabu na kuonyesha kwamba saruji inayotiwa kwenye udongo huleta nguvu ndogo kwa gharama kubwa ya mazingira, hata udongo huo ukalinganishwa na zege la kawaida na bado usitoke vizuri. Tofali hilo halirudi tena kuwa udongo wa shamba, wala halina ugumu wa zege. Lina picha nzuri ya brosha tu.

Upande wa pili una hoja nzito, na wanaotetea udongo huwa wanairuka: nani atapaka? Huko Tiébélé, Burkina Faso, ambako makazi ya kifalme ya Wakassena yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024, kuta hunakshiwa na wanawake kwa udongo mwekundu, mweupe na grafiti nyeusi, husuguliwa kwa kokoto hadi zing'ae, kisha hupigwa maji ya nere. Ni siku za kazi, na si kazi ya mtu mmoja. Djenné nako chama cha mafundi huongoza, vijana hubeba tope, wasichana huleta maji, na msikiti uliojengwa 1907 hupakwa upya kila mwaka. Kazi hiyo ikitazamwa na mgeni ni sherehe. Ikitazamwa na mwenye nyumba yake mwenyewe ya kupaka, ni kazi juu ya kazi. Na hata desturi hai inaweza kukosea. Tope jipya likipandishwa juu ya la zamani mwaka baada ya mwaka, uzito hujilimbikiza, na Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, sehemu ya juu ya mnara mmoja wa msikiti huo iliporomoka.

Kwa hiyo sishangai mtu akichagua saruji. Anachonunua ni mapumziko. Anayemwambia arudi kwenye tope inabidi amweleze atapumzikaje, na jibu halimo kwenye kiongezi. Limo zaidi kwenye mchoro wa jengo: paa lenye uchega mrefu, msingi wa mawe unaouinua ukuta juu ya maji yanayoruka kutoka ardhini, na udongo kuwekwa kwa wingi ndani ya nyumba, ambako mvua haifiki na ambako lipu hiyo inavuta unyevu wa hewa na kuurudisha. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 18947, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2013, kinazipanga lipu za udongo kwa uwezo huo. Za daraja la juu hufyonza angalau gramu 60 za mvuke kwa mita ya mraba katika saa 12. Uwezo huu unatoka kwa mfinyanzi usiozibwa. Ukutani kwa nje viongezi vina kazi ya kupigana na mvua. Kwa ndani vina kazi ndogo ya kuzuia nyufa na vumbi, na kipimo chake hushuka sana.

Vipimo vyenyewe vinahitaji kuangaliwa upya. Makala nyingi za kitaalamu kuhusu viongezi vya asili huanza na mkandamizo: mche wa lipu unabanwa hadi uvunjike. Lipu haibebi paa. Inachotakiwa ni kushika ukuta, kutosinyaa, kutotoa vumbi ukiipitishia kiganja, na kutoliwa upesi na maji. Kwa hilo la mwisho lipo jaribio rahisi la Geelong, Australia: mililita 100 za maji hudondoshwa tone kwa tone kutoka kimo cha milimita 400 juu ya kipande kilichoinamishwa, kisha kina cha shimo hupimwa. Fundi anaweza kulifanya kwa chupa na utambi wa kitambaa, akiwa na vipande kadhaa vyenye udongo ule ule na viongezi tofauti vya hapo hapo alipo, na kimoja kisicho na kitu. Mimi ningeongeza hatua ya pili: shimo lile lijazwe tope la mchanganyiko ule ule, kipande kikauke, na matone yaanze tena pale pale kwenye kiraka. Kiraka kikibanduka, kiongezi hicho, hata kama shimo lake la kwanza lilikuwa dogo kuliko yote, kisipakwe kwenye ukuta wa nje.